Kabla hujampulizia twiga madoa, muulize kwanza anatoka wapi

Chini ya kitanda changu kuna katoni yenye twiga 12. Ni wa mbao, kila mmoja ana urefu wa kiganja hivi, na ukiwatazama kwa mbali utasema wametoka poa. Rangi imeshika, madoa yamekaa, hakuna mchirizi hata mmoja. Hata hivyo, hakuna aliyewanunua. Mzee aliyewaagiza aliwarudisha siku ile ile niliyompelekea. Alimchukua mmoja, akamgeuza mkononi, akamwangalia shingo, akashuka hadi miguuni, kisha akaniuliza kwa upole: "Sasa kijana wangu, twiga huyu ni wa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mzee huyo huongoza watalii kule Samburu na alitaka zawadi ndogo ndogo za kuwapa wageni wake wakiondoka. Mimi nilijua twiga ni twiga. Madoa nilikuwa nimeyanakili kutoka kwa blauzi ya mtumba ya dada yangu, nikayakata kwenye plastiki, nikawapulizia wote 12 kwa jioni mbili, nikajipiga kifua. Kumbe nilikuwa nimempelekea mtu wa Samburu mnyama wa Gikomba.

Nakuandikia haya kwa sababu huenda hauko mbali na kosa langu. Labda nawe umeziona zile video fupi: mtu anaweka kipande cha plastiki chenye matundu kwenye kinyago kidogo, anapuliza mara moja, anabandua, na chui anajitokeza. Sekunde 15 tu. Unafunga simu ukiwaza, hii hata mimi naiweza. Na ni kweli unaiweza. Shida ni kwamba video haikuonyeshi plastiki ile ilikatwa vipi na nani aliamua matundu yakae hivyo, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Kwanza chombo chenyewe. Brashi ya hewa ni kama kalamu nene ya chuma yenye kikombe kidogo cha rangi juu yake, na mpira mwembamba unaoileta hewa kutoka kwa kompresa. Hewa ikitoka kwa kasi mdomoni inaivuta rangi na kuigeuza ukungu. Ndani kuna sindano ndefu iliyoziba tundu la rangi. Ikirudi nyuma, rangi inapita. Zile nzuri zina kifyatulio chenye kazi mbili: ukikibonyeza chini unatoa hewa, ukikivuta nyuma unatoa rangi, kwa hivyo kidole chako ndicho kinachoamua kiasi. Kwa vinyago vidogo tundu la milimita 0.3 latosha kabisa. La 0.2 huziba ovyo, na la 0.5 liachie rangi ya chini.

Chombo hiki kilibuniwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wa picha, waliokitumia kurekebisha na kupaka rangi picha zilizotoka nyeusi na nyeupe. Huku kwetu shule yake kubwa ni matatu. Ile nganya unayoabiri kwenda Rongai au Umoja, yenye uso wa mwanamuziki ambao kivuli chake kinafifia polepole shavuni mpaka unadhani atafungua mdomo, kivuli hicho hakikupakwa kwa brashi ya nywele. Mimi nilifunzwa kushika chombo na fundi wa matatu katika gereji moja ya Eastlands. Somo lake la kwanza lilikuwa kupuliza maji kwenye gazeti kuukuu, wiki nzima, bila rangi. Nilimwona kama ananipotezea wakati. Baadaye nilipoanza kupuliza vitu vya urefu wa sentimita 10 ndipo nilipoelewa kwamba kidole kisichotulia hakifichwi na stensili.

Stensili nayo unaijua tangu shule ya msingi. Yale maandishi yaliyopulizwa kwenye madawati na magunia, jina la shule na namba, ndiyo hayo hayo. Ni kitu chochote kinachoziba pahali na kuacha pengine wazi. Dukani zinauzwa zile zilizokatwa kwa mashine, zenye madoa ya chui au milia ya pundamilia tayari, na ukiwa na doo waweza kuagiza. Lakini nyingi zimechorwa kama kitambaa: doa moja, saizi moja, kutoka pembe hii hadi ile. Hakuna mnyama aliyezaliwa hivyo.

Ndiyo maana nakushauri ukate zako. Nenda saiba uombe zile plastiki ngumu zinazowekwa juu ya ripoti zikifungwa. Kipande kimoja kinatoa stensili nyingi. Bora zaidi ni filamu kuukuu ya eksirei. Iloweke kwenye Jik iliyochanganywa na maji, picha ya mbavu za mtu itoke, ubaki na karatasi angavu ambayo ni ngumu kiasi cha kukatika vizuri na laini kiasi cha kupinda. Vaa glavu. Kata kwa kisu chembamba chenye wembe mpya, juu ya kioo, na ubadilishe wembe mapema kuliko unavyotaka. Wembe butu haukati, unavuta, na ule ukingo ulioinuka ndio utakaopitisha rangi chini baadaye.

Sasa turudi kwa mzee wangu. Kenya ina twiga wa aina 3, na kama hukujua, basi tulikuwa wawili. Tangu Agosti 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limekuwa likiwahesabu twiga kuwa spishi 4 badala ya 1, na 3 kati ya hizo ziko hapa nyumbani.

Twiga wa Maasai ndiye huyu unayeweza kumwona Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na pia Mara, Amboseli na Tsavo. Madoa yake ni kama majani yaliyochanika kingo, hayafanani, na yanashuka hadi karibu na kwato. Twiga wa Rothschild, wale wanaolishwa mkononi na watoto wa shule pale Giraffe Centre, Lang'ata, ana madoa yanayofifia ukingoni, na kuanzia magoti kwenda chini hana kitu, ni mweupe kama mwanafunzi aliyevuta soksi. Wa tatu ndiye wa Samburu na kaskazini kwa jumla. Huyu ana mabaka makubwa ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, yenye kingo safi, na kati yake mistari myembamba ya rangi ya maziwa. Ni kana kwamba amevikwa neti.

Blauzi ya dada yangu haikuwa na yeyote kati ya hao. Ilikuwa na viazi.

Na hapa ndipo utaona kwa nini kumjua mnyama kunabadilisha hata namna ya kukata. Twiga wa Maasai ni rahisi kwa stensili kwa sababu nafasi kati ya madoa ni pana; plastiki inayobaki ina nguvu. Ugumu wake ni zile kingo zilizochanika, maana mkono ukishika kisu unapenda kulainisha. Mimi huyachoma matundu kwa chuma cha kuchomelea nyaya, kwenye filamu ya eksirei, nje ya nyumba, upepo ukinipa mgongo. Chuma hutetemeka kidogo na ukingo unatoka na fujo inayotakiwa. Usijaribu hivyo na plastiki za saiba. Nyingi hutoa moshi wenye sumu zikiungua.

Wa Rothschild hutaki ukingo mkali hata kidogo. Basi usiibandike stensili mwilini. Iinue milimita 2 au 3 kwa vitone vya ile gamu laini ya kubandikia mabango ukutani, na ukungu utaingia pembeni wenyewe na kukupa mfifio. Miguu yote uifunge kwa utepe wa karatasi wa mafundi wa rangi kabla hujaanza. Wengi hukumbuka soksi wakiwa wameshapuliza.

Huyu wa Samburu ndiye aliyenitoa jasho. Ukimkatia stensili ya kawaida, matundu yanakaribiana sana hivi kwamba plastiki inayobaki ni nyuzi tu, na zinakatika ukizitazama vibaya. Nilipoteza wikendi mbili hapo. Suluhisho likaja kwa kugeuza kazi juu chini: badala ya kukata mabaka, funika mistari. Unampaka twiga mwili mzima rangi ya maziwa, unaacha ikauke usiku kucha. Kisha unachukua ule utepe wa karatasi, unaubandika kwenye kioo, unaukata kwa rula na wembe kuwa vipande vyembamba kama tambi, na kuvipanga mwilini kimoja kimoja kama neti. Juu yake unapuliza kahawia. Ukibandua, mistari inatoka safi, myembamba, na hakuna baka linalofanana na jirani yake. Inachosha mgongo, sikudanganyi. Kwa twiga mmoja naketi kama saa moja na nusu kabla hata ya kuwasha kompresa.

Jambo jingine ambalo halionekani kwenye video ni kwamba mnyama ni mviringo na plastiki ni bapa. Ukilazimisha kipande kimoja kimfunike mbavu hadi tumbo, kitajikunja mahali, hewa itaingia chini, na doa litaota mkia. Fundi wa kushona anajua jibu la hili. Mfunge mnyama wako kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, juu yake ubandike utepe wa karatasi mpaka afunikwe, halafu chora madoa hapo hapo mwilini kwa penseli, ukiangalia picha halisi. Ukimaliza, kata lile vazi kwenye mshono wa mgongo na wa tumbo, ulivue, ulilaze mezani. Pale linapokataa kulala, likate kama fundi anavyofanya penzi kwenye kiuno cha gauni. Sasa una kielelezo cha bega, cha mbavu, cha paja, cha shingo. Kila kimoja kiwe stensili yake.

Ukichora, kumbuka madoa hayalingani. Yanakuwa madogo yakielekea kichwani na kwenye miguu, yanapanuka mbavuni na kwenye paja. Usilifanye jeusi kuwa jeusi tititi pia. Kitu cha sentimita 10 kikipakwa nyeusi kamili kinaonekana kama kimebandikwa stika. Chukua kahawia iliyokolea sana au kijivu cha mkaa, na jicho litaona nyeusi lenyewe.

Kupuliza kwenyewe hakuchukui muda. Rangi ya akriliki iliyochanganywa iwe kama maziwa ya pakiti: ukiizungusha kikombeni ishuke ukutani na kuacha utando. Presha ishushe hadi psi 15 hivi, maana nguvu nyingi huinua stensili na kusukuma rangi chini yake. Elekeza mdomo wima kabisa juu ya tundu, kamwe usiinamishe, kwa sababu rangi inayoingia kiubavu inapata njia ya kupenya. Na usitafute kukoleza kwa mara moja. Pitisha ukungu mwembamba, subiri sekunde chache ukauke, pitisha tena. Mipito 4 au 5 myepesi inashinda mmoja mzito. Rangi ikilowa kiasi cha kung'aa, umeshachelewa. Kila baada ya stensili mbili tatu, futa ncha ya sindano kwa pamba yenye maji, kwa sababu akriliki hukauka pale mdomoni na siku itakapoamua kutema, itatema usoni pa twiga.

Pundamilia ndiye atakayekuaibisha haraka zaidi, kwa sababu kila Mkenya anadhani anamjua. Tuna wawili. Wa kawaida ana milia mipana inayozunguka hadi chini ya tumbo. Wa Grevy, ambaye yuko kaskazini, ana milia myembamba iliyosongamana, tumbo jeupe, masikio makubwa ya mviringo na mstari mnene mgongoni. Jina lake lina kichekesho kidogo: mwaka wa 1882 mnyama mmoja wa aina hii alitumwa kutoka Uhabeshi kwenda kwa Rais Jules Grévy wa Ufaransa, na tangu hapo punda wetu wa Samburu anatembea na jina la mwanasiasa wa Paris. Wamebaki takriban 3,000 duniani, wengi wao Kenya. Kwa hivyo ukimpa mtalii pundamilia wa Mara ukamwambia ni wa Grevy, si kosa dogo la rangi.

Tena hakuna pundamilia wawili wenye milia sawa. Katika zoezi la kuwahesabu wa Grevy lililoanza 2016, raia wa kawaida walitumwa na kamera wapige picha ubavu wa kulia tu, na kompyuta ikawatambua mmoja mmoja kwa milia kama inavyosoma alama za vidole. Ubavu wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto ni tofauti. Sasa jiulize ni mara ngapi umeona kinyago ambacho fundi amegeuza stensili ile ile akaipiga upande wa pili. Mimi nilikuwa nafanya hivyo. Jicho la mteja huenda lisijue kosa ni nini, lakini litahisi kwamba kitu hiki kimetoka kiwandani.

Hata makosa yana mpaka wake, hata hivyo. Septemba 2019 kule Maasai Mara alionekana ndama wa pundamilia mweusi mwenye vidoadoa vyeupe badala ya milia, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Aliitwa Tira. Ukipata mteja anayemtaka huyo, msee, sherehekea: hana haja ya stensili, chovya mswaki kwenye rangi nyeupe umrushie matone.

Kwa paka wakubwa, hapo ndipo mtaa wote unachanganyikiwa. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, ya mviringo, na mistari miwili ya machozi kutoka machoni hadi mdomoni. Chui hana machozi. Mbavuni ana maua: duara lililovunjika, na katikati yake rangi iliyokolea kidogo kuliko ngozi inayolizunguka. Kichwani na miguuni madoa yake hujaa. Ukiweka nukta nyeusi katikati ya ua umehama bara, huyo ni jagwa wa Amerika ya Kusini. Kwa hiyo chui anahitaji stensili mbili, si moja. Ya kwanza ina matundu ya mviringo usio kamili, unapuliza kahawia hafifu juu ya manjano ya mchanga. Ya pili ina vipande vya mwezi mwandamo, viwili au vitatu kwa kila ua, unavizungushia pale pale kwa nyeusi yako ya mkaa. Zisipokutana sawasawa usilie. Chui halisi pia hazikutani sawasawa.

Halafu kuna mkia, na hapa niruhusu nikupeleke darasani dakika moja. Mwaka wa 1952 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing, yule wa kompyuta, aliandika makala akipendekeza jinsi madoa na milia vinavyoweza kujichora vyenyewe mtoto akiwa bado tumboni. Wazo lake, kwa lugha ya kwetu, ni kemikali mbili: moja inawasha rangi, nyingine inaizima, na zinasambaa kwa kasi tofauti. Zikigombana kwenye ngozi, mahali panawaka na mahali panazimika, na ule mpangilio unategemea ukubwa na umbo la sehemu yenyewe. Mwanahisabati mwingine, James Murray, akaja kuonyesha kwamba penye upana madoa yana nafasi ya kutawanyika, lakini kwenye kitu chembamba kama mkia yanaishiwa na nafasi na kuungana kuwa pete. Ndiyo maana duma mwenye madoa mwili mzima anamalizia mkia wake kwa pete. Kinyume chake, milia mwilini na madoa mkiani, hesabu hiyo haikitarajii.

Tangu nisome hayo, mkia wa duma siufanyii stensili kabisa. Navingirisha vipande vyembamba vya utepe, napuliza, nabandua. Na wakati wowote nikitia shaka kuhusu sehemu fulani, najiuliza upana wake ni kiasi gani.

Kuna vitu vya jikoni na bafuni vinavyofanya kazi ya stensili bila kukatwa. Neti ya kuogea ikivutwa vizuri juu ya mamba au nyoka inatoa magamba ambayo huwezi kuyachora hata ukilipwa. Neti ya vitunguu inafaa mnyama mkubwa kidogo. Wenye duka la stika za matatu nao wana mashine inayokata plastiki ya gundi kwa kompyuta. Wakikubali kukukatia milia uliyochora, una stensili inayojishika yenyewe. Ila kabla ya kuibandika kwa kinyago, ibandike kwanza kwenye suruali yako ya jinzi uibandue mara mbili, ipunguze makali. Bila hivyo itaondoka na rangi ya chini.

Na rangi ya chini inashika au haishiki kutegemea kinyago. Mbao za mjakaranda ni nyeupe na kavu, zinapokea vizuri. Muhugu una mafuta yake yanayonukia, na rangi hutembea juu yake kama maji kwenye jani la nduma mpaka uipige praima. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka mara nyingi huja limeng'arishwa kwa nta. Lipige msasa na kulisafisha kwanza, la sivyo stensili itabandua chui mzima.

Nyumbani sasa. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, na jiko liko mita moja kutoka kitandani. Ukungu wa rangi haujali kwamba unalala hapo. Hata akriliki ya maji ikiwa hewani unaivuta mapafuni, kwa hivyo vaa barakoa ya mafundi yenye vichujio, si kile kitambaa cha enzi za korona. Fungua dirisha, puliza kuelekea nje. Rangi za thina usizipulize ndani ya nyumba yenye gesi au stovu, hata kama hujawasha. Jirani akiwasha ya kwake mlangoni yatosha. Kompresa yenyewe ina kelele. Mimi yangu imetengenezwa na fundi kwa mota ya friji kuukuu, haipigi kelele sana, ila ina tangi na kichujio cha maji, na hivyo viwili usiviruke. Tangi linazuia hewa isije kwa mapigo. Kichujio kinakamata unyevu, na kama uko Mombasa au Malindi kitajaa mbele ya macho yako.

Utaniuliza kuhusu ganji. Nitakwambia ukweli: sijajenga. Kwa kinyago kimoja, brashi ya kawaida ya nywele na mkono mzuri ni haraka kuliko haya yote, na wachongaji wa Wamunyu wamepaka na kuuza bila kompresa kwa miaka mingi. Stensili inalipa unapotengeneza 10 wa aina moja, au mteja anapotaka ukingo ambao mkono hauwezi. Na inalipa zaidi mteja anapoweza kumtambua mnyama. Watu wa kambi na mbuga wanaona tofauti kabla hujafungua mdomo, na hao ndio wanaorudi. Anayenunua barabarani akikimbilia ndege hajali, lakini pia hatakulipa zaidi ya jirani yako anayeuza viazi vilivyopulizwa.

Nilichofanya mimi baada ya aibu ile hakikuhitaji pesa nyingi. Niliingia Mbuga ya Nairobi siku moja na simu yenye chaji, nikapiga twiga kila upande, hasa miguu. Nikaenda Lang'ata nikapiga soksi. Wa Samburu nilimuomba yule mzee mwenyewe picha, nikiwa na haya, na akanitumia 30 kwa WhatsApp usiku huo huo, kila moja na maelezo ya sauti. "Angalia hapa kwapani, kijana wangu, mistari inakutana hivi."

Wiki jana nilitoa twiga 3 kutoka kwenye ile katoni, nikawapiga msasa hadi nikaona mbao. Wamepakwa rangi ya maziwa na sasa wako dirishani wamefungwa vipande vya utepe kutoka shingoni hadi miguuni, kama wagonjwa wa ajali. Mzee anapita Nairobi Ijumaa. Alipiga simu jana kuuliza kama wako tayari, kisha akaongeza kwamba wageni wake wanataka pia pundamilia 6.

Nikamuuliza, "Wa Grevy au wa kawaida, mzee?"

Alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema nimtengenezee 3 na 3.